Kopo la Soya

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumatatu ya tarehe 3 Machi 2025, cherehani ya Truphena ilisimama katikati ya mshono. Sindano ilibaki ndani ya kola ya sare ya shule. Truphena alikuwa ameweka vidole viwili shingoni, chini ya taya, na alikuwa akihesabu kwa midomo bila kutoa sauti.

"Mama Liz, ni nini?" aliuliza Nyasuguta kutoka meza ya kukatia vitambaa.

"Inaruka. Inapiga mbili haraka, inanyamaza, halafu inapiga tena kama imesukumwa."

"Ni joto hiyo. Kunywa maji."

"Nimekunywa."

"Basi kunywa ile yetu, uchangamke."

Kwenye rafu nyuma yao kulikuwa na kopo la bati lililoandikwa SOYA kwa wino mzito. Kwa Wasabato wa Macalder, soya iliyokaangwa na kusagwa ni kinywaji cha heshima. Ina rangi ya kahawa na harufu inayokaribia ya kahawa, na inaruhusiwa hata kwenye kikao cha wazee wa kanisa, mahali ambapo kahawa yenyewe haiingii. Miaka minne kabla ya asubuhi hiyo, Nyasuguta, ambaye baba yake ana mibuni huko Kisii, alimletea Truphena robo kilo ya kahawa iliyokaangwa kwenye sufuria na kutwangwa nyumbani. Truphena aliichanganya na soya, vijiko vitatu vya kahawa kwa kimoja cha soya. Tangu hapo kulikuwa na kopo la namna hiyo dukani na jingine jikoni kwake.

Wanawake hao wawili waliiita "ile yetu". Watu wengine wote waliiita soya, akiwemo Zablon, mume wa Truphena, mzee wa kanisa na mwalimu wa somo la afya kila Sabato ya kwanza ya mwezi. Zablon alikunywa vikombe viwili kila asubuhi, vyenye maziwa, kabla ya kwenda kufungua duka lake la dawa za mifugo. Aliisifu mbele ya wageni. "Soya ya Mama Liz inaamsha mtu," alikuwa akisema. "Si kama ile ya kununua."

Truphena mwenyewe alikunywa vitano au sita kwa siku. Asubuhi hiyo alikuwa amekunywa viwili. Aliinuka kuelekea kwenye rafu, akapiga hatua tatu, kisha akakaa sakafuni taratibu, kama mtu aliyechagua kukaa.

Zahanati ilikuwa na chumba kimoja cha kuonana na mganga. Mganga, kijana aliyeitwa Nashon, alimkuta Truphena kwenye kiti na Zablon amesimama nyuma yake, mkono begani kwa mkewe.

"Inakusumbua tangu lini?"

"Kama miezi mitano. Ikija inakaa kidogo inaenda. Leo imekaa."

"Na kupanda mlima, kubeba maji?"

"Napumua mdomo wazi."

Nashon alimpima presha. Ilikuwa 112 kwa 74. Alishika kifundo cha mkono wake kwa sekunde kumi na tano, akaangalia saa, akaandika 96.

"Unakunywa pombe?"

Zablon alicheka. "Daktari, hii ni nyumba ya Wasabato."

"Lazima niulize kila mtu, mzee. Sigara? Miraa? Hizi vinywaji za kuongeza nguvu? Kahawa?"

Truphena alihisi mkono wa Zablon begani. Haukuwa umemkaza, ulikuwa umewekwa tu.

"Hapana," alisema. "Soya tu."

"Nyumba yetu haijui kahawa," Zablon aliongeza. "Mimi ndiye hufundisha hiyo kitu kanisani."

Nashon aliandika *hapana*. Aliuliza kama kuna jambo linalomsumbua mawazo, na Truphena, ambaye alikuwa na sare mia moja na arobaini za kumaliza kabla ya shule kufunga, alisema lipo. Nashon aliandika *wasiwasi*, akampa vidonge vya kutuliza na kumshauri apumzike.

"Unaona?" Zablon alisema walipotoka nje. "Nilikwambia hiyo kazi umeibeba kama punda."

Jumatatu iliyofuata, tarehe 10, Truphena alizimia dukani. Alianguka ubavu, kichwa kikagonga mguu wa cherehani, na hakuwa na fahamu kwa muda ambao Nyasuguta alisema ni dakika tano na muuza mitumba wa jirani akasema haukufika moja. Kwenye zahanati, Nashon alipouliza tena maswali yale yale, Nyasuguta alianza kulia.

"Nyasuguta, nyamaza," alisema Truphena.

"Sinyamazi. Ukikufa nitasema nini? Daktari, hiyo soya si soya. Ni kahawa. Mimi ndiye huleta."

Nashon aliweka kalamu chini. "Vikombe ngapi?"

"Vitano," alisema Truphena.

"Sita," alisema Nyasuguta. "Na siku ya kazi mingi, saba."

"Uliniambia hapana."

"Mume wangu alikuwa amesimama hapo."

"Sasa mimi natibu mume wako ama nakutibu wewe?" Nashon alikuwa amekasirika, na hakuficha. Alimweleza kwamba kahawa kwa kiasi haiwadhuru watu wengi, lakini vikombe sita vya kahawa nzito ya kuchemsha vinaweza kuufanya moyo ukimbie, hasa kwa mtu asiyelala vizuri. Kwenye daftari alikata neno *wasiwasi* na kuandika *kahawa. Aache.* Hata mara hii hakusikiliza kifua. Jibu lilikuwa limepatikana.

Zablon aliambiwa habari hiyo na muuza mitumba, aliyekuwa amesaidia kumfikisha Truphena zahanati. Alifika nyumbani kabla ya mkewe, akachukua kopo la jikoni, akalifungua, akalinusa kwa muda mrefu. Halafu akalimwaga lote kwenye shimo la choo. Truphena alipofika, kopo tupu lilikuwa katikati ya meza kama mgeni.

"Miaka ngapi?"

"Minne."

"Miaka minne ukinikalisha mbele ya kanisa kama mjinga."

Truphena alisema ataacha. Aliacha siku hiyo hiyo, na Nyasuguta naye akaliondoa kopo la dukani. Hilo ni jambo ambalo wanawake wawili walilijua na hakuna mwingine aliyeliamini.

Siku nne zilizofuata Zablon aliumwa kichwa. Kilianza nyuma ya macho na kushuka hadi shingoni, na alikuwa mkali dukani kiasi cha kumfokea mteja aliyeuliza bei ya dawa ya kupe mara mbili. Alhamisi alikwenda zahanati kupimwa malaria. Hakukuwa na malaria. Nashon alimpa dawa ya maumivu, na Jumamosi kichwa kikapoa. Zablon alikiweka kwenye hesabu ya huzuni aliyotiwa na mkewe.

Sabato hiyo Truphena aliondolewa kwenye orodha ya mashemasi. Mayaka, karani wa kanisa, alisoma tangazo kwa sauti ile ile aliyosomea matangazo ya harusi: dada yetu amejiondoa kwa muda kwa sababu za kiafya. Kila mtu alijua sababu. Kwenye mlango mwanamke mmoja alimshika mkono, akamwambia pole kwa Kijaluo, akimwita binti wa Kasipul, "Mos, nyar Kasipul. Mungu husamehe hata hizo dhambi za kikombe," na wenzake wawili wakaangalia pembeni wasije wakacheka.

Mwezi Aprili moyo uliruka mara kumi na moja. Truphena aliandika kila mara nyuma ya kitabu cha vipimo vya wateja: tarehe, saa, dakika. Alidhani maandishi yatamsaidia. Alimwonyesha Zablon.

"Mara kumi na moja," Zablon alisema. "Kwa hiyo umekunywa mara kumi na moja."

"Sijakunywa."

"Daktari alisema kahawa ndiyo inafanya moyo iruke. Moyo inaruka. Sasa mimi nifikirie nini?"

"Fikiria kwamba daktari amekosea."

"Wewe ndiye ulimdanganya daktari. Si mimi."

Hilo lilimchosha kuliko kupanda mlima. Kadiri alivyougua ndivyo alivyoonekana mwongo. Siku alizokuwa mzima hazikuandikwa na mtu.

Mama mkwe wake, Mellen, alihamia kwao kutoka Magunga mwishoni mwa mwezi ili, kama alivyosema, kusaidia kazi. Alinusa vikombe kabla havijaoshwa. Alifungua mkoba wa Truphena akitafuta sindano, ingawa sindano alizijua ziko wapi. Asubuhi moja, Truphena akiwa amekaa kwenye kizingiti akisubiri moyo utulie, Mellen alisimama mbele yake na kanga kiunoni.

"Fungua mdomo."

"Mama?"

"Fungua mdomo, nisikie."

Truphena alikuwa na miaka thelathini na tisa na binti kidato cha tatu. Alifungua mdomo. Mellen aliinama, akanusa, akanyooka.

"Umesugua meno," alisema.

"Nasugua meno kila siku, Mama."

"Eeh. Ndiyo maana sisikii."

Mwanzoni mwa Mei alikwenda kwa Nashon peke yake na kuomba barua ya rufaa, akapimwe moyo kwa mashine Homa Bay. Nashon alifungua daftari, akaona maandishi yake mwenyewe.

"Nikuandikie waone nini? Watauliza umeacha kahawa, nami sijui."

"Nimeacha tangu tarehe 10 mwezi wa tatu."

"Unasema wewe."

"Sasa nani mwingine aseme? Mimi ndiye mwenye mdomo."

Nashon alisita. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amedanganywa mara moja mbele ya mashahidi. "Kuja na mzee," alisema. "Mtu mnakaa naye nyumba moja. Akisema umeacha, naandika leo hiyo hiyo."

Ilimchukua siku sita kumpata Zablon. Mara dukani kuna mzigo unashushwa, mara kikao cha kanisa. Alikubali Jumatatu, tarehe 12 Mei, kwa sababu usiku wa kuamkia siku hiyo mkewe alilala amekaa, akishindwa kupumua akiwa chali, na hakupata usingizi yeye pia.

"Mzee Zablon," alisema Nashon, "mama ameacha kahawa?"

"Siwezi kusema uongo, daktari. Sijui."

"Baba Liz," alisema Truphena.

"Sijui, nimesema. Nyumbani sijaona. Huko dukani anakaa na yule Mkisii mchana kutwa. Nitaapa aje?"

Truphena hakuwa amepanga kusema alichosema. Alikuwa akitazama daftari la wagonjwa lililokuwa mezani, pana, lenye jalada la kijani, na akakumbuka kwamba si jina lake peke yake lililomo.

"Daktari, angalia mwezi wa tatu. Tarehe 13. Kuna mtu alikuja na kichwa."

"Watu wengi huja na kichwa."

"Anaitwa Zablon."

Nashon alifunua kurasa. Kidole kilishuka, kikasimama. "Zablon. Kichwa siku tatu, uchovu, hasira. Malaria hakuna." Aliinua macho. "Hasira uliniambia wewe mwenyewe, mzee."

"Hiyo inahusu nini?"

"Kopo ulimwaga tarehe 10," alisema Truphena. "Kichwa kilianza tarehe 11. Ilikuwa kopo moja, Baba Liz. Sikuwa nakuchemshia yako kando. Vikombe viwili, kila asubuhi, miaka minne."

Chumba cha pili mtoto aliyekuwa akichomwa sindano alilia.

"Mtu aliyezoea kahawa akikatiziwa ghafla," Nashon alisema polepole, akizungumza na daftari zaidi kuliko na wao, "kichwa huuma kesho yake. Siku tatu, nne. Mpaka wiki. Halafu inaisha." Alimgeukia Zablon. "Kilirudi?"

"Hapana."

"Unakunywa nini asubuhi siku hizi?"

"Uji. Mama yangu hupika."

"Basi nyumbani kahawa imeisha. Kichwa chako ndiyo shahidi." Nashon hakutabasamu. "Nipe mkono, mzee."

Alishika kifundo cha Zablon kwa dakika nzima, kisha cha Truphena kwa dakika nzima, mara hii na vidole vya mkono mwingine vikigonga meza kufuata mapigo. Kwa Zablon vidole viligonga kama saa ya ukutani. Kwa Truphena vilipoteza njia, vikaharakisha, vikangoja, vikakata tamaa. Alichukua stetoskopu na kusikiliza kifua chake, mbele, ubavuni, akamwambia alalie upande wa kushoto, akasikiliza tena.

"Hii kitu," alisema, "ningeisikia mwezi wa tatu."

Hakuna aliyemuuliza kwa nini hakuisikia. Aliandika barua kurasa mbili. Zablon aliichukua na kuikunja ndani ya Biblia yake.

"Hiyo ya kichwa," alimwambia Truphena nje, bila kumtazama, "inabaki hapa."

Truphena alikuwa ameweka vidole shingoni, akihesabu.

Walikwenda Homa Bay Alhamisi, tarehe 29 Mei, kwa gari la Mayaka, karani wa kanisa, ambaye alikuwa na shughuli zake mjini na alikubali kuwapa nafasi. Njiani Mayaka alizungumzia afya. Alisema alisoma mahali kwamba kahawa hukausha damu. Zablon, kwenye kiti cha mbele, alisema ni kweli inadhuru wengi.

Mtaalamu wa moyo aliitwa Lynnet. Alipaka kifua cha Truphena mafuta baridi na kusogeza kifaa chini ya ziwa la kushoto kwa dakika ishirini. Kwenye kioo, kitu kama ulimi mnene kilijaribu kufunguka na kuishia nusu.

"Ukiwa mtoto uliwahi kuumwa magoti? Na homa?"

"Darasa la tatu. Yalivimba. Nililala karibu miezi miwili."

"Mlikwenda hospitali?"

Truphena alivuta sketi juu. Kando ya kila goti kulikuwa na chale ndogo nyeusi, safu mbili, za wembe. Lynnet alizitazama na kuandika.

"Ile homa ilikula valvu moja ya moyo," alisema. "Imekaza. Damu haipiti vizuri, chumba cha juu kimetanuka, na mapigo yamepoteza mpangilio. Hii haikuanza jana."

"Nilikuwa nakunywa kahawa. Sita kwa siku."

"Nimeona kwenye barua."

"Ndiyo ilileta?"

"Hapana. Kahawa haiwezi kukaza valvu. Moyo mzima hubeba vikombe vitatu au vinne bila shida. Huu wako tayari ulikuwa mgonjwa, na kahawa nyingi inaweza kuuchokoza ukimbie, kwa hivyo ni vizuri umeacha. Lakini ungeacha miaka kumi, valvu ingekuwa hivi hivi." Alifuta mafuta kwa karatasi. "Dawa ya kuzuia damu isigande utaanza leo. Kuna sindano ya kuzuia ile homa isirudi, kila baada ya wiki nne. Halafu tutaandikia Eldoret, waone kama inaweza kupanuliwa. Ungekuja mapema ningefurahi zaidi. Nani alikuchelewesha?"

Truphena alifikiria majina. Jina la kwanza lilikuwa lake mwenyewe.

"Hakuna aliyeuliza magoti," alisema.

Kwenye ukumbi wa kungojea, muuguzi mwenye fomu alikuwa akiwapima presha waliosindikiza wagonjwa, kwa sababu ilikuwa wiki ya kampeni na mashine ilikuwa hapo. Zablon alikuwa ameketi benchi la mbele, mkono wa shati umekunjwa. Mayaka alikuwa kando yake, ameshamaliza kupimwa, akishikilia Biblia ya Zablon. Truphena alifika akiwa na bahasha, akasimama nyuma ya mumewe.

"Mia moja na kumi na nane kwa sabini na sita," alisema muuguzi. "Nzuri sana, mzee. Sigara?"

"Hapana."

"Pombe?"

"Hapana."

"Kahawa? Ndani ya miaka mitano iliyopita, umekunywa kwa kawaida?"

Zablon alimtazama Mayaka, kisha akaitazama fomu.

"Hapana," alisema. "Soya tu."

Muuguzi aliandika.

"Andika viwili," alisema Truphena.

Kalamu ilisimama. Zablon hakugeuka.

"Vikombe viwili," Truphena alisema. "Kila asubuhi. Miaka minne, mpaka tarehe 10 mwezi wa tatu mwaka huu. Mimi ndiye nilikuwa namchemshia."

Muuguzi alimtazama Zablon, akimpa nafasi. Akamtazama Truphena. Saa sita na dakika ishirini mchana, alikata neno *hapana* kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika 2.